Funda la Kwanza la Maji

Pale Ipuli, mtaa wa Tabora, watu walikuwa na mzaha wao: Mzee Uwesu ana wake wawili, Mwanahawa binti wa Kanyenye na mbwa, na zamu ya mbwa hairukwi. Mwenyewe akiusikia alicheka kuliko waliousema. Alikuwa mzee mrefu, mgongo umempinda kidogo kwa miaka ya usukani, na mkono wa kulia ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto kwa sababu ndio uliokaa dirishani juani tangu enzi za Fiati mpaka enzi za Scania.

Mapenzi ya mbwa hakuyatoa kwao. Nani katika ukoo wa Kiislamu wa Tabora angemfundisha mtoto kukumbatia mbwa? Aliyatoa vitani. Wakati wa vita vya Kagera alikuwa kijana, dereva wa jeshi, akipeleka lori la mabomu upande wa Masaka. Siku moja jua lilimzidi, akataka kuingia katika nyumba iliyohamwa apate kivuli. Mbwa mmoja wa mbavu nje akasimama mlangoni akambwekea, akakataa katakata kumpisha. Uwesu akainama kuokota jiwe. Kabla hajainuka, askari mwenzake alikuwa ameshapita mlango wa nyuma, na nyumba ikalipuka pamoja naye. Tangu siku hiyo Uwesu hakumrushia mbwa jiwe tena maishani mwake, na ukimrushia wako mbele yake mlikosana.

Aliporudi na kuanza kuendesha malori ya watu, ya tumbaku, ya mbao, ya chumvi ya Uvinza, hakukubali kulala njiani bila mbwa chini ya gari. Aliwapa majina ya kazi: Kurunzi, Breki, Spea. Huyu wa mwisho, wa uzeeni, alimwita Utingo, kwa maana matingo wote wa kibinadamu aliopata kuwa nao walisinzia zamu isipokuwa huyu. Lori lilikuwa limeshakwisha, limebaki bodi lake tu uani likiota kutu, lakini Utingo alililinda kana kwamba safari ni kesho.

Mwanahawa naye alikuwa na masharti yake, ya tangu siku ya posa. Baba yake, mshona kofia, nusura amrudishie Uwesu barua yake kwa ajili ya Kurunzi. Mbwa asivuke kizingiti. Mbwa awe na bakuli lake. Atakayemshika anawe kwa udongo kabla hajagusa sufuria. Uwesu aliyashika yote hayo, na wala hakununa.

Jambo jingine alilolishika ni funga. Ramadhani moja ilimkuta kule Uganda, mizinga imeshanyamaza, naye akala mchana mwezi mzima kama mtu asiye na kwao. Akaapa kwamba akirudi Tabora na roho yake hataacha siku hata moja. Msafiri ana ruhusa ya kula, kila mtu anajua, lakini Uwesu alifunga hata kwenye joto la bonde la Malagarasi, tairi limepasuka na jeki haishiki. Madereva wenzake walimwita Ustadhi wa Mbwa. Jina hilo alilipenda kuliko cheo chochote cha jeshi.

Mambo yaliharibika mwishoni mwa Shaabani, asubuhi ya mvua nyepesi. Mbwa mgeni alitokea upande wa njia ya Sikonge, mwekundu, mkia umebanwa katikati ya miguu, anakwenda moja kwa moja kama anayevutwa kwa kamba. Hakubweka. Alipita ua wa minyaa wa Elieza, jirani mfugaji aliyehamia pale kutoka Nzega, akamuuma mtamba wake puani, kisha akamrukia Utingo. Uwesu alitoka na kanzu yake ya nyumbani akatia mikono katikati, kama alivyowahi kutenganisha mbwa mara nyingi. Safari hii jino lilizama kwenye nyama kati ya kidole gumba na cha shahada. Vijana wakafika na marungu wakammaliza yule mgeni, wakamfukia bondeni, na kila mtu akaenda zake akisema ni mbwa wa wachunga ng'ombe, ana njaa.

Mwanahawa akaja mbio na beseni, sabuni na udongo kwenye kibuyu kilichokatwa. "Mikono, Baba Shamimu. Mara saba, na ya kwanza kwa udongo. Na hiyo kanzu vua."

"Mama Shamimu, niache basi nipumue."

"Utapumua ukishatahirika. Mbona damu? Umeumia?"

"Nimekwaruzwa na seng'enge."

Alidanganya bila hata kufikiri. Sharti la nne la Mwanahawa, ambalo halikupata kusemwa lakini wote wawili walilijua, lilikuwa kwamba siku mbwa atakapomtoa mtu damu nyumbani kwake ndiyo siku ya mwisho ya mbwa katika ua ule. Nani angesimama kumweleza kwamba jino lilikuwa la yule mwingine? Akanawa mara saba, akafunga kidonda kwa kitambaa, na mwezi ulipoandama kidonda kilikuwa kimeshaota ngozi mpya.

Katika lile kumi la kwanza la mfungo, Elieza alikuja barazani akiwa ameshika kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu. Habari ya ng'ombe?"

"Baba, yule mtamba amekufa. Na hakufa vizuri." Elieza alikuwa mtu wa kusema polepole, na siku hiyo alisema polepole zaidi. "Alianza kulia kama mtu. Sauti imemkwama hapa. Mate yanamtoka tu, hayamezeki. Nikasema labda ana kiu, nikampelekea ndoo. Alipoyaona maji, baba, aliirukia ndoo akaipiga pembe mpaka ikapasuka. Bwana mifugo Sixbert amekuja, amesema ni kichaa cha mbwa. Ni yule mbwa mwekundu." Akamtazama Uwesu mikononi. "Wewe hakukung'ata siku ile?"

"Mimi? Hapana."

"Tumshukuru Mungu basi," akasema Elieza, akaaga.

Uwesu akabaki amekaa. Aliogopa, tena kwa hofu ambayo vitani hakuijua, kwa sababu ugonjwa huo yeye alikuwa ameshauona kwa macho yake, ukiwa umeketi kwenye kiti cha abiria.

Alikuwa Fikiri, dereva mwenzake, mtu wa mikono mikubwa na maneno makubwa zaidi. Mbwa koko alimng'ata muundi pale Ipole walipokuwa wakisubiri kupakia tumbaku. Fikiri akapaka ugoro, akafunga kitambaa, akaondoka anaimba. Miezi ikapita, kovu likasahaulika. Msimu mwingine wakiwa Ipole tena, asubuhi moja Fikiri alishindwa kunywa chai. Alikitazama kikombe kama kina nyoka ndani. Kufika adhuhuri Uwesu alikuwa amemfunga kwenye kiti kwa kamba za turubai, na aliyeomba kufungwa ni Fikiri mwenyewe. "Nifunge, Uwesu, nisije nikakuuma." Wakaishika njia ya Tabora, ile njia ya mchanga waliyokanyaga wapagazi wa zamani na pembe zao mabegani wakitoka Karema.

Dumu la maji lilikuwa sakafuni. Kila lori liliporuka shimo maji yalichezacheza, na kila yalipochezacheza Fikiri alipiga ukelele, shingo ikamkaza, macho yakamtoka. "Litupe! Nakuomba, litupe!" Uwesu akalitupa porini. Kisha upepo wa dirishani nao ukaanza kumkaba. Uwesu akapandisha vioo vyote, katika joto lile, akaendesha akiwa amefungiwa ndani na mtu anayekufa kwa kiu huku anayaogopa maji. Spea, mbwa wa wakati huo, alijikunja chini ya miguu ya bwana wake akitetemeka njia nzima. Baina ya mishtuko Fikiri alikuwa na akili zake zote, na hilo ndilo Uwesu hakuweza kulisahau. Aliuliza habari za watoto wake. Aliomba radhi kwa kuchafua kiti. Sikonge waliipita pamoja, lakini Tabora Uwesu aliingia na maiti.

Sasa mwenye akili atauliza kwa nini Uwesu hakunyanyuka pale pale barazani akaenda hospitali. Swali zuri, na ni rahisi kuliuliza ukiwa na mikono mizima. Kwenda hospitali kulikuwa kukiri. Kukiri kulikuwa kumpeleka Utingo kwenye kifo, na kumwambia Mwanahawa kwamba alimwongopea usoni. Halafu kulikuwa na sindano. Wazee wenzake wa barazani walishikilia kwamba sindano inabatilisha funga. Shekhe alishawaambia mara kadhaa kwamba sindano ya dawa haina neno, wakamwitikia kwa heshima na kuendelea kushikilia yao. Uwesu hakutaka kubahatisha na kiapo alichokiweka tangu ujana. Na chini ya sababu zote hizo ilikuwepo moja aliyoificha hata nafsi yake: aliogopa kuambiwa kwamba amechelewa. "Idi ikipita," akajiambia. "Idi ikipita nitakwenda." Akamfunga Utingo mnyororo kwenye bodi la lori, akajidai ni tahadhari tu.

Lakini mtu anayeswali hawezi kuyakimbia maji. Kila adhana ilimwita kwenye birika. Uwesu alilikaribia kwa kunyata, ungedhani anaiba. Akimimina viganjani alisikiliza koo lake. Akisukutua alingoja lishtuke. Halikushtuka, akatema, akaosha uso, na kabla hajamaliza miguu alikuwa ameshaanza kuiogopa swala inayofuata. Msikitini akawa anakosea rakaa, na Mzee Saidi aliyesimama pembeni yake akamtania kwamba uzee umeshampanda kichwani.

Kubwa kuliko yote ilikuwa magharibi. Sinia lilitandikwa ukumbini: uji wa pilipili manga, michembe ya viazi vitamu, tende, kibakuli cha asali ya Ipole. Miaka yote tende ndiyo iliyotangulia. Mwaka huu Mwanahawa alikuwa na mtindo mpya, adhana ikilia tu anamtia glasi ya maji mkononi.

"Tende ziko wapi?"

"Kunywa kwanza. Kumekuwa na joto."

Uwesu aliishika glasi kwa mikono miwili. Lile funda la kwanza alilikalisha mdomoni, akafumba macho, akamwona Fikiri. Kisha likashuka. Jasho lilimtoka chini ya kofia, na chakula kilichofuata alikila bila kujua ladha yake. Alikonda. Watu wakasema mzee anafunga kwa ikhlasi, wakamsifu, naye sifa zile zilimuumiza kuliko matusi.

Kumi la mwisho lilikuwa limeingia aliporudi kutoka swala ya alfajiri na kukuta mnyororo haulii. Kwa kawaida Utingo aliusikia mlango wa nje akaanza kurukaruka. Uwesu akamwita. Kwanza kimya. Kisha chini ya bodi ikatoka sauti ambayo haikuwa ya Utingo, mbweko ulioanzia chini ukapasukia katika mlio mrefu mwembamba. Mbwa akajitokeza. Taya lilikuwa limelegea, mate yananing'inia, na kipande cha mbao cha bodi alikuwa amekitafuna mpaka fizi zinavuja damu.

"Utingo," akasema Uwesu. "Mwanangu, ni mimi."

Utingo alimtazama kama anavyotazamwa mwizi, akaruka kwa nguvu zake zote. Mnyororo ukamrudisha chini. Akaruka tena. Uwesu alirudi kinyumenyume mpaka ukutani, na alipokuwa amesimama pale, mgongo kwenye tofali, ndipo alipolia.

Bwana mifugo Sixbert alifika jua limeshapanda, pamoja na askari mwenye bunduki. Majirani walijaza uzio. Uwesu aliwaomba wamwachie amshike shingoni, asife peke yake, na Sixbert akamkatalia kwa adabu. Mlio ulikuwa mmoja. Mzee aliyekaa miezi chini ya mizinga alishtuka kwa mlio ule mpaka kofia ikamdondoka. Shimo alilichimba mwenyewe, Elieza akimsaidia.

Sixbert alinawa mikono, akasogea karibu. "Mzee wangu, nisikilize. Katika nyumba hii au ya jirani, aliyeng'atwa, aliyelambwa kidonda, hata aliyekwaruzwa, aende hospitali leo. Asingoje. Huu ugonjwa ukishaanza kumwonyesha mtu dalili, hakuna dawa ya daktari wala ya mganga. Lakini kabla yake chanjo inazuia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Hakuna mtu?"

Mwanahawa alikuwa amesimama mlangoni, khanga ameishikilia kidevuni. Uwesu alihisi macho yake. "Hakuna," akasema, na kichwani mwake Idi ilikuwa imebakiza siku za kuhesabu kwa vidole.

Kesho yake, adhuhuri, alikaa kwenye kigoda cha udhu nyuma ya nyumba. Tangu alipoamka lile kovu lilikuwa likimwashawasha, likitambaa kama sisimizi chini ya ngozi, likipanda kuelekea kiwiko. Fikiri naye alisema hivyo hivyo, kwamba mguu unamtambaa. Uwesu aliinua birika. Akanawa viganja. Akatia maji mdomoni, na koo likaruka.

Lilijifunga lenyewe, ghafla, kama mlango uliosukumwa na upepo. Maji yakamtoka puani. Akakohoa, akatupa birika, likagonga ukuta na kumwaga yote, naye akajikuta anayakimbia yale maji yaliyokuwa yakitiririka ardhini kuelekea nyayo zake. Alisimama kwenye kona ya ukuta, mzee mzima, ameinua kanzu, anatweta.

Mwanahawa alikuwa ameshafika. Hakuuliza kilichotokea. Aliliokota birika, akaliweka wima, akamfuata pale konani.

"Nionyeshe mkono."

"Mkono gani?"

"Uwesu."

Tangu azaliwe binti yao Shamimu alikuwa hajamwita kwa jina lake. Akautoa mkono. Mwanahawa aliugeuza, akaliona kovu, dogo, la rangi ya zambarau, akalishika kwa kidole chake chenye matundu ya sindano za kofia.

"Siku ile beseni lilikuwa na damu," akasema. "Nikajipa moyo ni ya mbwa. Elieza alipokuja na habari za mtamba wake mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Kuanzia hapo kila magharibi nakutazama koo. Maji yakishuka nasema alhamdulillahi, nimempata mpaka kesho. Jana Sixbert amekuuliza mbele yangu, ukakana, na mimi nikanyamaza kama bubu."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa. Nilidhani nikilitamka nitaliita. Wewe mbona hukusema?"

"Niliogopa."

Mwanahawa akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hasira ilikuwa inamtoka, vyote kwa mara moja. "Watu wazima sisi! Tumekaa sinia moja na mauti mwezi mzima, tunapeana tende. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua walitukuta sisi?"

"Siku zimebaki chache, Mama Shamimu. Sindano ile, na funga yangu—"

"Funga ina kadha," akasema Mwanahawa. "Utailipa Mfunguo Mosi, utailipa mwakani, nitailipa pamoja na wewe. Wewe una kadha? Ukiondoka nitakulipa na nini?" Alikuwa ameshamshika mkono. "Vaa viatu."

Bajaji iliwapeleka hospitali kwa kupita Kanyenye, maduka yamefunguliwa nusu, wanaume wamekaa vibarazani wanasubiri jua lishuke. Walimsalimu, akaitikia kwa kichwa. Upepo ulimpiga usoni, naye akaishikilia pumzi, anangoja umkabe. Mwanahawa akamwangalia, akahamia upande wa upepo akamkinga kwa khanga yake.

Hospitali walipokewa na muuguzi aliyeitwa Magreth, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alilitazama kovu, akauliza mbwa alikuwaje, amekufaje, lini. Uwesu akasema yote, mpaka ya seng'enge. Kila neno lilipotoka Magreth alizidi kuwa mpole, na upole huo ulimtia Uwesu baridi mgongoni kuliko kama angemfokea.

"Nimechelewa, mama?"

"Umechelewa sana, baba, siwezi kukudanganya. Lakini wapo wanaougua upesi na wapo ambao huchukua miezi. Kama ugonjwa haujaanza, tuna nafasi, na chanjo tunaanza leo hii." Akasita. "Niambie, daktari naye atakuuliza. Maji unakunywa vizuri?"

Uwesu akatazama sakafu. "Nimefunga. Jana magharibi nilikunywa."

"Leo?"

"Leo wakati wa udhu koo lilikataa."

Magreth akavaa miwani, kisha akaivua. "Huenda ni hofu. Hofu nayo hubana koo, nimeona watu wa namna hiyo. Huenda siyo. Kaeni hapo nje kwenye benchi, daktari yuko njiani."

Benchi lilikuwa uwanjani, chini ya bati, mbele ya watu wote waliosubiri. Miongoni mwao alikuwa Mzee Saidi wa msikitini, amekuja kupima presha. Uwesu aliketi. Mkono ulikuwa unamtambaa mpaka begani sasa, au alidhani unamtambaa, hakuweza tena kutofautisha. "Tungoje magharibi," akamwambia mkewe kwa sauti ndogo. "Adhana ikilia nitakunywa, tutajua."

Mwanahawa aliinuka. Aliondoka, akaenda kwenye kibanda cha getini, akarudi na chupa ya maji, jasho la baridi linatiririka ubavuni mwa chupa. Huyu ndiye binti wa mshona kofia, mwanamke ambaye mwezi wa Ramadhani hakuwahi hata kuonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi. Alifungua kifuniko mbele ya benchi zima.

"Siwezi kungoja magharibi," akasema.

"Watu wananitazama."

"Wakutazame. Nami nataka kukutazama."

Uwesu aliipokea chupa. Maji yalitikisika ndani, akayasikia, na mwili mzima ukataka kuinuka ukimbie. Alimwona Fikiri na kamba za turubai. Alimwona Utingo asiyemjua. Mkono ulipanda polepole, mdomo wa chupa ukagusa meno yake.

"Uwesu!" Mzee Saidi alikuwa ameinuka kwenye benchi, bakora mkononi, uso umemharibika. "Mchana huu? Wewe?"

Mwanahawa alimgeukia. Hakuinua sauti. "Mwache mume wangu anywe, Mzee Saidi. Tafadhali. Mwache anywe."

Uwesu akafumba macho, akainua chupa. Maji yakajaa kinywani, yakakaa. Koo likakaza. Yakakaa. Mwanahawa alikuwa amepiga magoti mbele yake kwenye saruji, macho yake pale pale chini ya kidevu, midomo inatembea bila sauti. Kisha lile koo, koo jembamba la mzee, likapanda, likasimama, na likashuka. Likapanda tena na kushuka. Akanywa kwa kugugumia, yakamwagika ndevuni na kifuani, akanywa mpaka akaishiwa pumzi, na alipoiteremsha chupa alikuwa analia waziwazi mbele ya watu.

Mzee Saidi aliketi akatazama pembeni. Mlangoni Magreth alikuwa amesimama na trei ya sindano, naye alikuwa ameona.

Mwanahawa hakuondoka magotini. Aliitazama chupa, imebaki nusu, akaisukuma taratibu kuelekea mdomo wa mumewe.

"Kunywa tena," akasema.